Bembea Iliyokosa Watoto

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu nipate akili, yeye ni mtu wa kurudi: anarudi kutoka machimbo ya Geita, anakaa nasi mwezi mmoja, anaondoka. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha pili, alirudi Kasulu akasema anataka kubaki. Huko alikopita aliona bembea ya kuzunguka, watoto wanaipangia foleni. Ataunda ya kwake. Ikimlisha, harudi tena machimboni. Isipomlisha, tusimlaumu.

Mama alisema, "Haya," akaendelea kuchambua maharage. Mimi, kuanzia siku ile, niliiombea bembea kama mtu anavyoombea mgonjwa.

Aliiunda nyuma ya nyumba kwa mabomba na kitovu cha gurudumu la lori bovu. Akaipaka nyekundu na njano. Injini haikuwepo, vijana wawili walitakiwa kuisukuma. Kila kiti kilikuwa na mnyororo wa kumzuia mtoto asitoke, na ile minyororo ndiyo iliyompa baba fahari kuliko vyote.

Siku ya gulio aliisimamisha pembeni mwa soko. Watoto walisogea, wazazi wakawavuta mikono.

"Tuonyeshe kwanza, fundi," alisema mwanamke mmoja mwenye kapu la dagaa. "Wa kwangu si wa majaribio."

Kwetu chombo hakisifiwi kwa rangi. Baiskeli inasifiwa kwa magunia iliyoyapandisha mlimani. Kwa hiyo baba alifanya ambacho fundi yeyote wa Kasulu angefanya: aliazima magunia ya muhogo mkavu, akayakalisha vitini. Minyororo haikuyatosha kwa unene wake, basi akayafunga kwa mipira ya tyubu, kama mzigo wa kwenye keria. Vijana wakasukuma. Ilizunguka vizuri, watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Hapo mpira mmoja ukafyatuka. Gunia likapita juu ya vichwa vya watu, likapasukia mbele ya muuza nyanya.

Watu wakaangua vicheko.

"Fundi, huyo mwanao tumpeleke hospitali?" mtu akauliza.

Baba alieleza kwamba mtoto angefungwa mnyororo, kwamba kilichofyatuka ni mpira tu, chuma hakina tatizo. Alikuwa anasema kweli. Lakini watu walikuwa wanautazama ule muhogo.

Akanigeukia. Aliufungua mnyororo wa kiti kimoja na kuushika mkononi.

Mimi ni yule ambaye mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasema sijui, ili nikae chini haraka. Nilipanda. Viti vilikuwa vya watoto, magoti yakanifika kidevuni. Nilibana sketi kwa mikono yote miwili, nikasahau kujishika.

"Dada, ukifika Kigoma utusalimie," kijana mmoja alisema nilipompita.

"Atafika lini, mbona anapita hapa hapa," mwenzake akajibu.

Niliposhuka dunia iliendelea kuzunguka, nikaenda kutapika nyuma ya kibanda cha mahindi. Waliokuwa bado wana nia waliona na hilo pia.

Baada ya hapo walikuja watoto wachache, wale wa kutumwa dukani wakachelewa kurudi. Wakigundulika, wanachapwa. Watu wakaipa bembea jina, Kizunguzungu. Mvua zilipoanza, kila mtu akaenda shambani, na vijana wa kusukuma nao wakaenda. Baba alikuwa anaifunika kwa turubai asubuhi, jioni anaifunua kuikagua. Nilimsikia akimwambia mama, "Kibondo hawajui habari za muhogo. Kule tutaanza upya."

Likizo ya katikati ya mwaka 2015 tulipakia bembea kwenye Fuso, mimi na baba, tukaenda kufikia kwa mama yangu mdogo, Kibondo. Barabarani tulipishana na mabasi yaliyojaa watu waliokimbia Burundi, wamekumbatia magodoro na masufuria. Baba aliwatazama muda mrefu. "Na hao wana watoto," alisema, kisha akageuza uso kana kwamba ameona aibu.

Tuliisimamisha karibu na stendi. Baba alikuwa anafuta vumbi vitini alipokuja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, tukaitikia. Akaizunguka bembea yote, akarudi aliposimama baba. "Mwanangu, hii ndiyo ile ya Kasulu? Iliyorusha mtoto?"

Baba aliacha kufuta. Nilimsubiri ajibu. Basi nikasema mimi, kwa sauti ambayo hata sikujua ninayo.

"Hakuwa mtoto, bibi. Lilikuwa gunia la muhogo. Nilikuwepo."

Watu wa stendi wakageuka.

"Na wewe ni nani?"

"Ni baba yangu huyu."

"Ehee," alisema, bila ubaya wowote. "Lazima useme hivyo. Hata mimi ningemtetea baba yangu." Halafu akamgeukia baba, akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Mama yake mlimfariji lakini?"

Nilisema tena ni gunia. Nilisema hata nani alikuwa na kapu la dagaa. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyonionea huruma, na baba akaniwekea mkono begani ili niache.

Hatukupata mtoto hata mmoja. Mtu mmoja alitaka mabomba kwa ajili ya geti lake, baba akayakata mwenyewe. Kesho yake akapanda basi la Kahama, aunganishe Geita. Hakupitia nyumbani. Alisema akipitia hataweza kuondoka.

Nilirudi Kasulu peke yangu. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Alitazama nyuma yangu, njiani, halafu akanitazama mimi. Habari za bembea hakuuliza.

"Amekula kabla ya kupanda basi?"

"Amekula," nikasema.

Hakuwa amekula.