Karatasi ya Kavira Mwingine

Ninaitwa Kavira, kama wanawake wengi wa Butembo. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Nauza vitunguu vya Masereka katika soko la Vulamba. Nilikuwa nimekunywa dawa za VIH, virusi vya ukimwi, miaka minane bila kukosa, na mwili ulikuwa umetulia.

Kisha chuchu ya kushoto ikaanza kuwasha. Ikatoka magamba, ikatoa maji yenye damu, blauzi ikawa inagandia. Nikasema ni dawa zinanichokoza, nikapaka mawese miezi mitano. Ujinga wangu mwenyewe. Dada yangu alipoona damu kwenye shuka, alinipeleka hospitali.

Walikata kipande cha nyama wakapime. Kwenye benchi nilikaa na Kavira mwingine, mwalimu, mwenye uvimbe ziwa la kuume. Tulichekea majina yetu, tukaambiana tunakokaa. Siku ya majibu muuguzi aliita "Kavira", tukasimama wawili. Karatasi yangu ilisema hakuna kansa.

Wiki mbili niliishi kama ndani ya ukungu wa asubuhi. Sikusikia uzito wa kikapu. Damu iliendelea kutoka, nami niliitazama tu, nikitabasamu, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Ndipo yule mwalimu akaja sokoni, macho yamevimba.

"Dada, hii karatasi ni yako. Nililia tu, leo ndiyo nimeisoma muzuri. Baliandika ziwa ya kushoto. Tena baliandika VIH."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani mwingine aliisoma?"

"Ni miye tu. Ata bwana yangu hapana. Nilibeba ugonjwa yako wiki mbili, najua uzito yake. Twende."

Daktari alituomba radhi, kisha akasema: "Ni kansere ya chuchu, haionekanake kwa watu wengi. VIH haikataze tuitibie. Dawa zako utaendelea nazo, lakini leo hapana rudi nyumbani, tutakupasua."

Chini ya dawa ya usingizi nilitembea mashamba ya Masereka, miguu haigusi udongo. Niliamka upande mmoja wa kifua uko bapa, nikalia. Zikafuata sindano za kansa: nywele zilianguka, mdomo ukajaa vidonda, hata maji niliyatapika. Kavira yule mwalimu alinishikia beseni.

Huu ni mwaka wa pili, vipimo ni safi. Ewe mwenzangu, kidonda cha chuchu kisichopona usikipake mafuta, kipeleke kipimwe. Dawa zako za VIH usiziache. Na ukiitwa, taja majina yako yote.

Namshukuru Mungu na madaktari. Namshukuru Kavira, ambaye angeweza kunitangaza soko zima, na hadi leo hajamwambia mtu. Nimesema mwenyewe.