Namba Tisa, Safu ya Tatu

Merle Hocking alikuwa katibu wa bodi ya wadhamini wa makaburi ya Warrabeen kwa miaka ishirini na sita, bila kulipwa hata senti, na kwa muda wote huo hakuna aliyempenda kwa ajili ya kazi hiyo. Hakujali. Kanuni zilikuwa thelathini na moja, zimebandikwa getini, na ukivunja mojawapo unaandikiwa barua. Maua ya plastiki, barua. Chupa ya bia juu ya kaburi la mjomba, barua. Wajane walimwogopa kuliko mchungaji.

Aliyepata barua nyingi kuliko wote ni Erwin Nuske, mkulima wa ngano aliyestaafu, mzee wa shingo nyekundu na ulimi mchafu. Hawa wawili walikuwa hawaivi tangu Merle alipong'oa kinu kidogo cha upepo, cha bati, ambacho Erwin alikichomeka kwenye kaburi la mkewe, Thelma, akakitupa jalalani. Kisha kikaja kisa cha kiti. Kila Jumapili baada ya ibada Erwin alikuja na kiti cha kukunja, akakikunjua kwenye nyasi ubavuni mwa Thelma, akakaa saa nzima. Kanuni ya kumi na mbili inakataza viti, maana vinaua nyasi. Merle alimwandikia barua saba. Erwin aliendelea kukaa.

Mwezi wa tatu Lindsay, mume wa Merle, alianguka bandani akafa. Merle alimzika safu ya tatu, namba kumi na sita, kwa kuwa ramani ilionyesha pako wazi na upepo haupigi sana pale. Na palikuwa palepale penye kiti.

Erwin alitokea mazishini udongo ukiwa haujarudishwa.

"Hapo ni pangu," alisema mbele ya mchungaji na waombolezaji. "Nilipalipia siku ileile niliyomzika mke wangu. Mtoeni huyo."

"Una hati?" Merle aliuliza. Machozi yalikuwa bado shavuni.

Alikuwa nayo, na kesho yake akaileta. Ilisema safu ya tatu, namba tisa. Namba tisa iko huku getini, kwenye kelele za malori, na makaburi saba yanaitenga na Thelma. Kwenye ramani ya bodi pia, pale kwenye tisa, pameandikwa Nuske. Merle alimwonyesha kwa kidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Alikuwa amezika jana tu, lakini hilo lilimpa raha, na raha yenyewe haikuwa ndogo.

Erwin alishtaki wizarani. Mwezi wa sita akaja mkaguzi kutoka Melbourne, Thuy Pham, mwanamke mfupi mwenye subira ya ajabu. Kikao kiliwekwa ukumbini, saa nne asubuhi.

Asubuhi hiyo Merle alifungua kabati la bodi kuchukua kanuni zake. Droo ya chini iligoma. Alipoichomoa nzima alikuta chini yake ramani nyingine, mwandiko wa marehemu Harold Teague, katibu aliyemtangulia. Geti lilichorwa upande wa mashariki, si magharibi liliko leo. Ndipo Merle akakumbuka kwamba geti lilihamishwa zamani, barabara kuu ilipojengwa, na Teague akayahesabu makaburi ya kila safu upya kuanzia geti jipya. Kila aliyezikwa alipewa namba nyingine. Thelma, aliyekuwa wa nane, akawa wa kumi na saba. Lakini wale waliokwisha kulipia na bado wanapumua, Teague hakuwagusa. Aliwahamisha wafu akawasahau walio hai. Namba tisa ya zamani ndiyo kumi na sita ya leo.

Kwa hiyo yule mwehu alikuwa akikaa juu ya kaburi lake mwenyewe.

Merle alimtukana Teague, akamtukana na Erwin, jiko la kuni likiwaka hatua mbili kutoka aliposimama. Akaikunja ramani, akaitia mkobani.

Kikaoni Erwin hakugusa chai. "Huyu mama ananichukia," alimwambia mkaguzi. "Angepata nafasi angenizika kichwa chini."

"Kanuni hazikatazi," Merle akajibu.

"Bwana Nuske," alisema Thuy, "karatasi zote zinasema namba tisa. Siwezi kumfukua mtu kwa sababu wewe unakumbuka. Na hata ningeweza, lazima mjane wake akubali."

"Basi mnanizika kwa malori. Thelma alikuwa hapendi kulala peke yake. Miaka yote hii namwambia nakuja."

Alisema hivyo akitazama kikombe. Merle alitazama dirishani.

Thuy alifungua kalamu. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu, Bi. Hocking. Hii ndiyo ramani pekee ya bodi?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la neno moja lingemwacha Lindsay alale alipolala. Lakini Merle hakuwahi kuandika uongo kwenye vitabu vya bodi, na aliona uchungu mkali kwamba aanze kwa sababu ya Erwin Nuske. Akafungua mkoba.

"Asidhani nimemhurumia," alisema.

Kibali kilitoka mwezi wa nane. Merle alikitia saini mara mbili, kama katibu na kama mjane. Lindsay alipelekwa namba tisa, kwenye malori. Erwin alisimama kando, kofia mkononi, mpaka watu wa koleo walipoondoka.

"Ungeweza kuichoma," alisema.

"Nilitaka."

"Sitakushukuru."

"Nani kakuomba?"

Jumapili iliyofuata Merle alikuja kumtazama mumewe. Alisimama, kama alivyosimama makaburini miaka ishirini na sita, mpaka magoti yakakataa. Jumapili ya pili alisimama muda mfupi zaidi. Jumapili ya tatu alitoa kitu kwenye gari, akakikunjua juu ya nyasi mpya za Lindsay.

Kutoka namba kumi na sita sauti ilipaa juu ya makaburi, ikayapita na malori.

"Kanuni ya kumi na mbili, mama!"

Merle hakugeuka. Alikaa saa nzima.