Nimesukumwa Matopeni Huku Nimesimama Pembeni

Leo vijana wa hapa kijijini Ipyana wamenisukuma mbele ya watu, na mimi mwenyewe nimesimama pembeni nawatazama!

Mjukuu wangu Atupele ni fundi. Ameunda gari la mfano, liko moja tu duniani, aonyeshe watu litakavyobeba mpunga. Ubavuni kaliandika AT-3X.

Nikamfokea. "Hilo jina au namba ya mita? Hata mbuzi wangu ana jina!"

"Bibi, magari ya majaribio ndivyo yanavyoitwa."

"Huko kwao. Sisi Wanyakyusa hatuzai namba. Lipe jina la ukoo."

Akatii. Akalipaka TUSEKILE. Jina langu mimi! Nikavaa kitenge kipya, nikaenda kusifiwa.

Kufika karibu na kanisa, likazama kwenye tope. Vijana wakaja kulisukuma, huku wanapiga kelele:

"Tusekile kagoma!"

"Mwinueni Tusekile nyuma, ana makalio mazito!"

"Mwe, Tusekile anatoa moshi!"

Kwetu Tusekile maana yake tumefurahi. Na kweli walifurahi, washenzi wale.

Nikamvuta Atupele sikio: "Futa. Rudisha namba zako."

Kabla hajajibu, mmoja akapaza sauti: "Mwacheni Tusekile hapohapo, kashazeeka!"

Aka! Nikavua viatu, nikaingia topeni na kitenge changu, nikaweka bega. Wote wakasukuma na mimi.

Limetoka.

Atupele kashika kopo la rangi, anauliza afute au aache. Nimemwambia aache, ila aongeze mbele yake: BIBI. Mtu asiniite jina tupu tena.

Nyie mngeliitaje? Semeni, lakini kwa adabu.