Sanduku la Form One

Harufu ya rangi ya mafuta hunikosesha raha mpaka leo. Wiki jana fundi alikuwa akipaka geti la jirani, nikajikuta nimefunga madirisha yote, kisha nikajicheka. Mtu mzima anakimbia rangi!

Aliyeyaanza haya ni Mama. Nilipomaliza darasa la nane, matokeo hayajatoka, alinitengenezea sanduku la bati la kwenda nalo shule ya bweni. Fundi wa pale Kabiria alilipaka samawati, na kwenye kifuniko akaandika kwa herufi nyeupe: WAMBUI, FORM ONE. Lilikaa nje ya mlango siku mbili likikauka, na wapangaji wa ploti nzima wakalisoma.

Matokeo yakaja. Alama mia mbili na ishirini na nane, kati ya mia tano, na hakuna bweni lililoniita. Kwa aibu nikawa nangoja majirani wamalize kuteka maji ndipo nijitokeze bombani. Hata hivyo Mama Njeri wa mlango wa pili alinivizia.

“Wambui, sasa hiyo sanduku itaenda Form One peke yake?”

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama hakunikemea wala hakunibembeleza. Jumapili, tulipotoka kanisani, aliketi kitandani akaanza kukunja nguo.

“Utarudia. Kuna shule Waithaka imekubali. Cucu atakuja kukaa na wewe.” Cucu ni nyanya yangu, mamake Mama.

“Na wewe, Mum?”

“Nimepata kazi ya nyumba Lavington. Ni ya kulala huko huko.”

Ndipo nilipoona kwamba nguo zile zilikuwa zake, na alikuwa akizipanga ndani ya sanduku langu.

“Lakini hiyo si ni yangu?”

“Ni yako. Nimeiazima tu.”

Nilikasirika, siwafichi. Nilidhani ananiadhibu, kwamba amenipokonya kitu nisichostahili. Mwaka mzima niliketi na watoto wa rika la wale niliokuwa nikiwatuma chaki, nao wakanibandika jina la Mama wa Darasa. Hesabu za asilimia nilizirudia mpaka nikaziota. Mama alikuja mara moja moja siku za Jumapili, akafungua madaftari yangu hata kabla hajavua viatu, nami nikamjibu kwa mkato.

Nilipofanya mtihani mara ya pili nilipita, nikaitwa bweni. Mama alirudi na sanduku. Pande zote lilikuwa limechubuka, lakini kifuniko kiling'aa.

“Kwani hukukwangua hayo maandishi? Watu hawakukucheka?”

“Walinicheka sana. Mdosi, yule mwenye nyumba, aliniuliza kama nimekuja kusoma. Nikamwambia ndiyo, niko Form One.”

Tulicheka, tukapakia sabuni na shuka. Nilikuwa tayari mama mimi mwenyewe nilipofahamu kwamba karo ya Waithaka ilitoka kwenye chumba cha nyuma cha mfanyakazi huko Lavington, na kwamba mwanamke aliyelala humo alikuwa akilisoma jina langu kila siku kabla ya kuzima taa. Na mimi, mwaka huo wote, nilikuwa nimemnunia.