Kambare wa Baba Mkubwa

Kila ninapochemsha majani makavu ya mti wa mkungu, jikoni kwangu hutanda harufu ya chai iliyosahauliwa motoni, na mume wangu hufungua madirisha huku akinung'unika. Mwacheni anung'unike. Mimi harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Dodoma, nina miaka kumi na mmoja, mgongo wangu umegusa kioo cha tangi la samaki, namwambia mtu mzima, "Hapana."

Tangi lilikuwa la Baba. Alikuwa karani wa serikali, mtu mpole, ila alikuwa na wazimu mmoja: samaki watano aina ya diskasi, bapa na mviringo kama visahani vya vikombe, wenye michirizi ya buluu. Diskasi ni samaki wa kudeka. Maji yetu ya bomba yana chumvi, kwa hiyo tulikinga ya mvua na kuyatunza kama mahindi ya mbegu. Majani ya mkungu yaliletwa kwa basi kutoka pwani, gunia zima, hadi majirani wakauliza kama tumeanza uganga. Baba aliyachemsha, akayapoza, akamimina mchuzi wake tangini mpaka maji yakawa na rangi ya chai kavu, kama ya mito walikotoka diskasi.

Wenzao wa kuishi nao tuliwachunguza kama watu wanavyochunguza posa. "Usiulize kama ni mzuri," Baba aliniambia. "Uliza anapenda joto gani, anakula kwa pupa kiasi gani, na mdomo wake una upana gani." Samaki dhahabu alianguka swali la kwanza tu, maana joto la diskasi haliwezi. Waliofaulu ni tetra wadogo wenye mstari mwekundu, na visamaki vya sakafuni, virefu kama kidole, vyenye sharubu fupi, vilivyookota makombo bila kumsumbua mtu.

Wiki moja Baba alisafiri kikazi kwenda Mpwapwa. Akaniachia amri moja: asiingie samaki mwingine mpaka arudi.

Siku ya tatu, saa za chakula cha mchana, akaja Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mkulima wa Hombolo. "Mbukwenyi!" alisalimu tangu mlangoni kwa Kigogo, nami nikamwamkia shikamoo. Hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu. Siku hiyo alishika ndoo, na ndani yake mlikuwa na kambare wa urefu wa mkono wangu na perege wadogo watatu, wote wazima, kutoka bwawani.

"Nimemletea mdogo wangu msafishaji," alisema. Kwake alifuga kambare kwenye pipa la maji, wamalize viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo alijua anachosema. Akavua viatu, akakunja mikono ya shati, akaisogelea meza ya tangi.

Nikasimama katikati.

"Suzana, mpishe baba yako mkubwa," Mama aliita kutoka jikoni.

"Hapana. Baba amekataza."

Baba Mkubwa akacheka. "Hao wa chini wana sharubu. Na huyu ana sharubu. Tangu lini ndugu akamkataa ndugu?"

"Huyu mdomo wake ni mpana, Baba Mkubwa. Atawameza wote."

"Wee mtoto, mimi nimekula kambare kabla baba yako hajaota meno."

Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini nilikuwa na mdomo, jamani. Nikasema kwa sauti, "Huyu ni wa matopeni. Humu si mahali pake!"

Baba Mkubwa aliishusha ndoo taratibu. Akavaa viatu vyake. Mama alikuwa ameshaanza kupakua ugali na mlenda, akatoka mbio na mwiko mkononi, akamsihi, lakini mzee alishafika njiani. Kwetu mgeni kuondoka na njaa ni aibu ya ukoo mzima. Mama hakunichapa. Alikaa akaitazama ile sahani, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Asubuhi nilifunua ndoo. Perege alibaki mmoja, amejibanza pembeni, na kambare ametulia, tumbo limemjaa. Nilishangilia kama timu yangu imefunga bao. Baba aliporudi nilimvuta mkono akaone ushahidi. Akaona, na Mama akamweleza mengine.

"Samaki umewaokoa," alisema. "Sasa vaa viatu, twende Hombolo."

Tulimkuta Baba Mkubwa akipukuchua karanga uani. Nikapiga magoti. "Baba Mkubwa, naomba radhi kwa maneno yangu." Hapo ndipo nilipotakiwa kukomea. "Lakini kambare haingii."

Baba alikohoa. Baba Mkubwa aliacha kupukuchua. "Perege wamebaki wangapi?"

"Mmoja."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha akauliza polepole, "Na ule mlenda wa mama yako, ulibaki?"

Nilidhani anaulizia mlenda. Ilinichukua miaka kuelewa. Alikuwa mtu aliyevua viatu kwenye nyumba ya mdogo wake, nyumba ambayo samaki waliogea maji ya mvua, akaambiwa na mtoto kwamba humo si mahali pa kitu kilichotoka bwawani kwake. Alikuwa akiuliza kama nafasi yake nyumbani kwetu bado ipo. Nilimwumiza, na naona haya hadi leo. Lakini kuhusu kambare sikukosea, wala sitasema nilikosea ili mtu afurahi. Yale maswali matatu ni ya samaki. Kosa langu lilikuwa kumpima nayo mzee wangu.

Sasa nina tangi langu na diskasi wangu. Baba Mkubwa amezeeka, anatembelea mkongojo, na bado haji mikono mitupu. Mwezi uliopita alisimama mlangoni na ndoo yake, macho yanacheka.

"Leo anaingia?"

"Haingii, Baba Mkubwa," nilimjibu huku nikimvutia kiti. "Ingia wewe. Mlenda uko tayari."