Taa ya Ghorofa ya Tatu

Doña Eulogia, mtunza jengo letu hapa Asunción, hakuwa na rafiki hata mmoja kwenye ngazi hizi. Mimi pia nilimchukia. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikata umeme wa ngazi saa nzima, aone kama taa za dharura zitadumu. Ngazi zetu hazina dirisha, basi tulipapasa ukuta huku tukimtukana.

Januari alikuta taa ya ghorofa ya tatu haiwaki. Wakili Wilfrido alikuwa ameichomoa, akachomeka kwenye soketi hiyo ya ngazini jokofu la kugandishia barafu ya tereré yake, ile chai ya majani inayonywewa baridi.

"Rudisha waya wa taa, wakili. Isipochajiwa, siku ya giza haiwaki."

"Joto lote hili, bibi wee! Ninywe tereré ya moto kama mgonjwa?"

"Utavunja watu miguu."

"Nenda kapige deki, ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya."

Kila asubuhi Doña Eulogia alirudisha waya wa taa. Kila mchana wakili aliung'oa. Sisi tulicheka, tena upande wa wakili.

Alhamisi moja saa nane mchana umeme wa mtaa mzima ulikatika. Taa zote za ngazi ziliwaka, isipokuwa ya tatu. Tukasikia kishindo, ndoo ikibingirika, kisha yowe: "Doña Eulogia! Mguu wangu! Sioni kitu!"

Bibi alishuka taratibu na tochi, sisi nyuma yake. Akamulika uso wa wakili, kisha barafu iliyotapakaa kwenye vidato.

"Tulia, wakili," akasema. "Nimekuja kupiga deki."