Video ya Kubarikiwa kwa Mdogo Wangu

Siku mdogo wangu wa kike alipobarikiwa kuwa mchungaji, mama yetu alikuwa kitandani nyumbani kwake Kamuli, mguu umevunjika na kufungwa hogo. Aliteleza kibanjani akikata mkungu wa ndizi, wiki mbili kabla ya ibada. Yeye aliyeliombea jambo hilo miaka yote ndiye peke yake katika familia aliyelikosa.

Kwa hiyo nilipoletewa video kwenye flashi, nilitoka Rugu ninakofundisha, nikaipeleka moja kwa moja kwake. Nikaichomeka kwenye deki aliyoinunua marehemu baba. Mama akaegemea mito. Kioo cha televisheni kikabaki cheusi. Ilitoka sauti tu: kwaya, halafu mdogo wangu akimjibu askofu, "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Mama akanyoosha shingo. "Sauti yake naisikia. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwonyesha nakala iliyokuwa kwenye simu yangu, kwenye kioo kidogo. Macho yake yana ukungu siku hizi. Aliona, kwa maneno yake, vitu vyeupe vinatembea. Akanirudishia simu bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikaibeba deki hadi Kayanga, kwa fundi mmoja mzee ambaye wazazi wake walitoka Tanga.

"Mwalimu, deki ni nzima," akasema baada ya kuijaribu. "Ila video za siku hizi haizijui. Chukua mpya."

"Mama hataki mpya. Vitufe vya hii anavijua kwa kuvigusa."

Akacheka. "Basi ibadilishwe video, ifanane na deki. Lakini hiyo kazi mimi sijawahi kuifanya."

Hata mimi sikuwahi. Nilirudi na deki Rugu, nikapakua programu ya bure ya kugeuza video, nikakaa na kompyuta yangu mezani Jumamosi nzima. Jaribio la kwanza, deki ilikataa kabisa. La pili, picha ilitokea imekatika vipandevipande, askofu hana kichwa. La tatu, umeme ulikatika kazi ikiwa imebaki kidogo, nikaanza upya.

Ndipo nikampigia mama, nikamwuliza kama karatasi za deki bado zipo. Baba hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Mama akamwita jirani amsomee kijitabu, na jirani akanitajia aina ya video ambayo deki inaisoma, herufi moja moja: A, V, I. Na upana wa picha, usizidi nukta mia saba na ishirini. Yetu ilikuwa imezidi mara mbili na zaidi! Nikaigeuza iwe AVI, nikaipunguza upana kama kijitabu kilivyosema, nikaijaribu.

Mdogo wangu akatokea kwenye kioo, amepiga magoti, joho jeupe limemkaa vizuri. Nilipiga kelele peke yangu nyumbani kama mtu aliyefunga goli.

Jumapili baada ya ibada sebule ya mama ilijaa majirani. Safari hii, nikishairudisha deki mahali pake, sikugusa kitu. Nilimwachia yeye rimoti. Akabonyeza. Askofu na wachungaji walipomwekea mikono mwanawe kichwani, mama alishika fimbo akasimama, mguu wake mbovu ukiwa hewani, na jirani aliyetusomea kijitabu akapiga vigelegele hadi mbuzi wakashtuka nje.

"Rudisha nyuma," akajiamuru mwenyewe, akarudisha. Tuliangalia mikono ile ikiwekwa mara nne.

Kisha akaomba simu yangu. Mdogo wangu alipopokea, mama akajiweka sawa kitini.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Mama! Mimi ndiye wa kukuamkia!"

"Leo nimekuona," mama akasema. "Nimekuona vizuri kabisa. Ila kola yako ilikaa upande."